Kitabu cha Kukandamizia Kola

Jumatatu, Machi 4

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na paa la chumba cha kushonea limeanza nayo. Ndoo moja, pembeni ya meza ya kukatia.

Daftari hili lilibaki kwenye mzigo wa vipimo uliotoka shuleni. Mama Mkasi alitaka kuchana karatasi zake awashie jiko la chai, nikamwambia nipe mimi. Mpiga Pasi anasema mtu anayewasomea wenzake inafaa aandike kila siku ili ulimi ulainike. Nikamjibu, mzee, ulimi wangu haujakwama tangu nizaliwe, kinachokwama ni macho. Niliishia darasa la nne. Herufi zikiwa kubwa na maneno yakiwa mafupi tunaelewana. Zikianza kujibana, kila mtu anashika njia yake.

Tuko wanne chumba kimoja. Mama Mkasi ndiye mwenye kazi, ndiye anayekata, na cherehani zote mbili ni zake. Mpiga Pasi ni mzee mmoja anayejua kila kitu, muulize chochote. Kimya anatoboa na kushona matundu ya vifungo kwa mkono, hakuna mashine inayomfikia. Mimi napinda pindo na kushona vifungo. Wananiita Redio. Sijui kwa nini, labda kwa sababu ya sauti nzuri.

Tuna mashati mia sita ya sare, yatoke kabla shule haijafungua mwishoni mwa mwezi wa tano. Kila shati vifungo saba. Nimejaribu kupiga hesabu nikaacha, kichwa kisije kikauma kabla ya kazi.

Jumanne, Machi 5

Sasa kuhusu kitabu. Mpiga Pasi alikuwa nacho miaka na miaka akikitumia kukandamizia kola zikishapigwa pasi. Jalada halipo, jina halijulikani, mgongo umepinda. Mwezi uliopita nilikuwa nasubiri uzi, nikakifungua tu, nikasoma mstari mmoja kwa sauti: mwanamke mmoja anamwambia mpangaji wake kwamba viatu vyake vinanuka hadi jikoni. Wote wakageuka. Mama Mkasi akasema, "Endelea."

Nikasema nikisoma sishoni.

"Vifungo vyako tutashona sisi," akasema. "Soma."

Ndiyo desturi yetu tangu siku hiyo. Baada ya chai ya saa kumi nakaa kwenye kigoda cha dirishani penye mwanga, nasoma saa nzima, na fungu langu la mashati linagawanywa. Mama Mkasi anachukua machache. Kimya anachukua mengi, anayavuta tu kwake bila kusema. Mpiga Pasi hashoni, yeye analipa kwa kunipigia pasi nguo zangu za nyumbani. Mume wangu siku hizi anakwenda kazini na suruali yenye mstari mpaka wenzake mafundi bomba wanamuuliza kama ameoa mke wa pili.

Jumatano, Machi 6

Ndoo moja. Ukurasa wa ishirini na mbili.

Ijumaa, Machi 8

Niandike maoni ya watu maana leo tuligombana vizuri.

Kitabu chenyewe ni cha mama mmoja mwenye nyumba ya vyumba saba, anapangisha. Mume alishakufa. Ana binti mmoja. Chumba cha nne kuna mtengeneza saa, mtu wa heshima, anasema naam kila mahali. Mimi nasema yule ana lake jambo. Mwanaume mzima anakaa miaka sita kwenye chumba cha nne, halafu kila siku anakuja kurekebisha saa ya sebuleni ambayo haijaharibika?

"Anapenda kazi yake," Mpiga Pasi akasema.

"Anapenda sebule," nikasema.

Mama Mkasi yeye anachoona ni kodi tu. Anasema huyo mama ni mjinga, vyumba saba na hapandishi hata kidogo. Kila sura ikiisha anauliza, "Amepandisha?" Bado. "Hatafika popote."

Kimya hakusema kitu. Ni kawaida yake. Mimi mwanzoni nilidhani anaringa. Bado nadhani kidogo.

Jumanne, Machi 12

Ndoo mbili. Leo nimekutana na kurasa mbili nzima za mti. Mti tu. Majani yake, kivuli chake, na maneno marefu kama treni. Nikaangalia mbele nikaona watu wanaanza kuongea ukurasa wa tatu. Nikasema, "Nje palikuwa na mti," nikaruka.

Na kwa kuwa nilikuwa nimewapunja, nikawawekea ugomvi mdogo kati ya mpangaji wa chumba cha pili na wa chumba cha tano, wanagombania kamba ya kuanikia. Haumo kitabuni. Lakini ungekuwemo ungekaa vizuri sana. Mama Mkasi alicheka hadi akaweka mkasi chini. Mpiga Pasi akasema huyu mwandishi anajua maisha.

Nimekaa kimya na sifa zangu.

Jumatano, Machi 13

Ndoo mbili. Kamba ya kuanikia imeendelea.

Alhamisi, Machi 14

Mume wangu kaniuliza naandika nini kila jioni. Nikaanza kumweleza. Nilipofika chumba cha tatu alikuwa anakoroma.

Jumanne, Machi 19

Kimya ameongea.

Binti wa kitabuni ameondoka kwao. Ameolewa na dereva wa lori mwenye watoto wawili wa mke wa kwanza, na mama yake hakukubali. Walikorofishana mlangoni, majirani wote wakisikiliza, na yule mama akamwambia, ukitoka usirudi. Sehemu hiyo sikuongeza kitu, ilikuwa na maneno mafupi na makali, ilijisoma yenyewe.

Mama Mkasi akasema binti hana adabu. Mpiga Pasi akasema mama ndiye hana akili, mtoto akishapenda umeshachelewa, unachoweza kufanya ni kununua zawadi. Tukabishana hapo wee. Tulipokuwa tunafunga kazi Kimya akaniuliza, "Yule mtoto ataandika?"

"Sijafika huko, dada."

"Haya," akasema, akavaa kandambili zake akatoka mvuani.

Sasa mimi kisa chake nakijua, na niseme ukweli, nimekisimulia kwa watu wengi kuliko inavyotakiwa. Kimya ana binti mmoja. Miaka minne iliyopita alitaka kuolewa na mwanaume aliyewahi kuachana na mke. Kimya alikataa, harusini hakwenda, na siku binti anachukua sanduku lake alimwambia mbele ya watu, "Mlango huu umeuacha wewe." Tangu hapo hakuna salamu. Kuna mjukuu, wa kike, hajamwona. Binti anaishi safari ya nusu siku kwa basi. Huko si mbali. Watu wanakwenda huko kununua vitunguu.

Jumatano, Machi 20

"Ameandika?" Kimya. Bado.

Ijumaa, Machi 22

"Ameandika?" Bado. Ndoo tatu sasa, na ya tatu iko karibu na pasi, Mpiga Pasi analalamika kola zinapata unyevu na kitabu kikiwa mkononi kwangu hazilali. Anazikandamizia tofali lililofungwa kitambaa. Anasema tofali halina busara ya kitabu.

Jumatano, Machi 27

Mvua. Bado hajaandika.

Jumatano, Aprili 3

Mtengeneza saa amemwomba mwenye nyumba amuoe. Si nilisema? Nilisimama kwenye kigoda nikawaonyesha wote kidole. Mpiga Pasi akasema nilikuwa nimechungulia mbele. Sikuchungulia, mimi watu nawasoma tu. Yule mama amekataa, anasema hawezi kuingiza mume nyumbani na mtoto wake yuko nje hajui kama mama yake yu hai.

Sindano ya Kimya ilisimama hapo. Niliona. Ikaendelea.

Mama Mkasi: "Angekubali. Angepata kodi ya chumba cha nne kwa mtu mwingine."

Jumanne, Aprili 9

Leo ndiyo siku, niandike yote.

Barua imefika. Ukurasa wa mia na kumi, binti amemwandikia mama yake. Niliposema tu, "Basi siku moja mtu wa posta akaleta barua," Mama Mkasi alizima cherehani. Mpiga Pasi akasimamisha pasi wima. Kimya akainua uso wake wote, na mimi sikumbuki kama nimewahi kuuona uso ule wote kwa pamoja.

Nikatazama ukurasa. Barua imepigwa kwa zile herufi za kulala, zimeinamiana kama watu kwenye basi linalokata kona, ndogo, na maneno yake marefu, ya kisomi, yule binti alikwenda shule kuliko inavyohitajika. Nikajaribu mstari wa kwanza nikapata "Mama mpenzi." Wa pili nikapata "kwa kuwa." Kimya ananitazama. Ningefanyaje? Niseme sijui?

Nikasoma. Yaani, nikasema. Ilinijia yenyewe, kama mtu ananinong'oneza:

"Mama mpenzi. Usiniandikie. Maneno ndiyo yaliyotuharibia. Kila jioni nakaa nikitazama njia. Siku ukiamua, wewe njoo tu. Usinitumie habari, nitaogopa, na wewe utaogopa. Ukifika usibishe hodi. Wewe si mgeni. Sukuma mlango, haujafungwa."

Ikasikika mvua tu kwenye ndoo. Mama Mkasi alijifuta macho na utepe wa kupimia. Hata mimi nilitokwa na machozi, na barua ni yangu mwenyewe.

Kimya akauliza polepole, "Amesema haujafungwa?"

"Haujafungwa, dada."

Akaivuta bahasha ya vifungo vyangu kwake, yote, hata fungu la Mama Mkasi.

Jumatano, Aprili 10

Mpiga Pasi anasema ile barua ni bora kuliko kitabu chote. Nikamwambia hata mimi naona hivyo.

Ijumaa, Aprili 12

Ndoo nne. Kimya hakuja.

Miaka tisa niko naye chumba kimoja, hajawahi kukosa, hata siku alipofiwa na kaka yake alikuja mchana. Nikamuuliza Mama Mkasi kama ni mgonjwa.

"Haumwi," akasema. "Kaomba ruhusa. Kaenda kwa binti yake."

Nikafurahi, nikapiga kofi. Nikasema, amempelekea habari?

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniambia, mlango haujafungwa."

Nilikaa. Nikashona kifungo kimoja mara tatu, nikakuta nimekishonea kwenye sketi yangu.

Jumamosi, Aprili 13

Leo hatufanyi kazi. Nilikichukua kitabu jana nikaja nacho nyumbani chini ya gauni kisilowe. Asubuhi nimekaa mezani na ukurasa wa mia na kumi, kidole kwenye herufi, neno moja moja kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Mume wangu alipita akauliza kuna nini. Nikasema nasoma. Akasema hajawahi kuniona nasoma nikiwa nimenyamaza. Neno moja nilimuuliza yeye, lilikuwa "taadhima," na yeye hakulijua.

Imenichukua kutoka chai ya asubuhi hadi saa saba. Naiandika hapa kama ilivyo, hiyo sehemu ya mwisho:

"Nakuomba kwa taadhima, mama, usije. Si kwamba sikutaki. Ila nikikuona ghafla nitasikia tena yale uliyosema mlangoni, na majirani wakisikiliza. Nipe muda. Siku nikiwa tayari nitakuandikia mimi, na nitakutajia siku."

Usije. Imeandikwa usije.

Sasa mtu anaweza kusema, Redio, hicho ni kitabu, na binti wa Kimya ni mtu mwingine, hakuandika hiyo wala ile. Ni kweli. Lakini dada yule hakwenda kwa sababu ya binti yake. Amekwenda kwa sababu yangu mimi. Nilimwona ananitazama, nikamtengenezea alichotaka kusikia, kama unavyomkatia mtu kitambaa bila kumpima.

Jumatatu, Aprili 15

Hajarudi. Wanasema barabara imekatika maji yalipopita, mabasi yamesimama. Ndoo nne. Sikusoma, nimesema koo linaniuma. Mpiga Pasi akasema koo la Redio likiuma dunia inakaribia mwisho.

Jumanne, Aprili 16

Hajarudi.

Jumatano, Aprili 17

Amerudi saa tatu asubuhi, viatu mkononi, miguu ina matope mpaka magotini. Akanawa, akakaa, akachukua shati, akaanza tundu. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Hata mimi.

Alipomaliza tundu la tatu akaanza kueleza mwenyewe, macho kwenye kazi. Niandike alivyosema, nisiongeze.

Alifika Ijumaa alasiri. Akaulizia nyumba, akaonyeshwa. Mlango ulikuwa umerudishiwa. Akakumbuka barua. Hakupiga hodi. Akasukuma.

Ndani alikuwemo mkwe wake, ametoka kuoga, ana taulo kiunoni. Mkwe. Na mama mkwe wake, uso kwa uso, mara ya kwanza kuonana tangu aoe binti yake. Yule mwanaume alipiga kelele, akakimbilia chumbani, akaangusha beseni. Mtoto alikuwa amelala mkekani, akaamka analia. Binti akaja mbio kutoka uani na mikono ina povu la sabuni, akadhani mwizi.

Mpiga Pasi aligeukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mimi pia ningecheka siku nyingine yoyote, ningeicheka mwaka mzima.

"Akaniambia, mama, hata hodi?" Kimya akasema. "Miaka minne, unakuja kama askari, hata hodi? Ningesema nini? Kwamba kitabuni walisema?"

"Akakufukuza?" Mama Mkasi akauliza.

"Hakunifukuza. Alinipa kiti barazani. Akanipa chai. Yeye alisimama mlangoni, hakukaa. Mtoto alinitazama kutoka nyuma ya gauni lake. Ana masikio yangu. Chai ilipoisha akasema mume wake hawezi kutoka chumbani nikiwa pale, ana aibu. Nikaondoka. Basi hakuna, nikalala siku nne kwa mwanamke anayeuza vitunguu, mgeni tu, Mungu ambariki."

Halafu akaniangalia.

"Redio. Nisomee tena ile barua. Nione nilikosea wapi."

Nilikuwa nimekiweka kitabu kwenye kikapu changu. Nilikuwa na njia mbili. Ile barua yangu nilikuwa bado naikumbuka neno kwa neno, ningeweza kuisema tena, na dunia ingeendelea. Nikakaa kwenye kigoda. Nikafungua. Nikaweka kidole.

Nikaisoma kama ilivyo. Polepole, nikikwama, nikirudi nyuma. Taadhima. Usije. Nipe muda. Nitakutajia siku.

Mama Mkasi akasema, "Hiyo siyo."

"Ndiyo hiyo," nikasema. "Hii ndiyo iliyoandikwa."

"Na ile nyingine?" Kimya akauliza.

"Ile ilikuwa yangu, dada. Herufi zilinishinda. Nikaona unanitazama."

Hakupandisha sauti. Nilitamani apandishe. Alinyoosha mkono kwenye fungu langu la mashati ambalo lilikuwa upande wake tangu wiki iliyopita, akaliweka juu ya meza yangu, akalipanga kola juu ya kola, bahasha ya vifungo juu yake.

"Vifungo vyako," akasema.

Alhamisi, Aprili 18

Nimeshona vifungo. Sikusoma.

Ijumaa, Aprili 19

Vifungo. Ndoo tatu.

Jumatatu, Aprili 22

Mpiga Pasi amenikalia karibu wakati wa chai. Akauliza, "Na kamba ya kuanikia?"

"Yangu."

"Na yule mpangaji wa chumba cha pili aliyemwaga maji ya kuoshea samaki?"

"Yangu."

Akafikiri. "Na mtengeneza saa?"

"Mtengeneza saa ni wa kitabu, mzee. Huyo sikumgusa."

"Afadhali," akasema. "Ningekosa wa kumtetea."

Kimya hanisemeshi. Asubuhi anasalimia chumba chote kwa pamoja, nami nachukua sehemu yangu humo. Nimeanza kuona kitu ambacho sikukiona miaka tisa. Anapofanya kazi anasogeza midomo kidogo. Mimi nilidhani ni mtu asiye na maneno, kumbe anayo mengi, hayatoi tu. Na mimi niliyatoa yake yote mtaani, na yangu nikampa yeye kama ya kitabu.

Alhamisi, Aprili 25

Mama Mkasi amechoka. Amesema chumba kimekuwa kama ofisi ya serikali. Akaniambia rudi kwenye kigoda, lakini kuna sheria: nisome kilichopo. Nikifika pagumu niseme, "hapa pagumu," tusaidiane au turuke wote tukijua tumeruka. Mpiga Pasi anasimama nyuma yangu na miwani yake.

Nikasoma. Kurasa nne tu kwa saa nzima, "hapa pagumu" mara tisa. Tulirudi pia kwenye ule mti niliouruka mwezi wa tatu. Nilidhani watalala. Kumbe mti ule ulipandwa na marehemu mume, siku binti alipozaliwa, na yule mama anaupita kila asubuhi bila kuutazama. Mama Mkasi akanitupia chaki. "Uliruka hii? Umetunyima hii kwa kamba ya nguo?"

Vifungo vyangu nilishona mwenyewe nilipofika nyumbani. Kimya hakuvigusa. Lakini kigoda chake alikisogeza karibu na dirisha.

Alhamisi, Mei 2

Ndoo mbili. Leo wengine walipotoka Kimya alibaki. Akaweka mbele yangu karatasi na bahasha yenye stempu tayari.

"Andika," akasema.

"Mimi, dada? Mwambie Mpiga Pasi, ana mkono mzuri."

"Wewe ndiye uliyeharibu. Andika ninavyosema. Usitie chumvi, usitie sukari."

Akasema, nami nikaandika:

"Mwanangu. Nilikosa kwa kutopiga hodi. Mwombe radhi mume wako, mwambie sikuona kitu. Yale niliyosema mlangoni miaka minne iliyopita nilikosa pia. Sitakuja mpaka uniambie. Mtoto ana masikio yangu. Mama yako."

Nikangoja. "Basi?"

"Basi."

Jamani. Kalamu ilikuwa inanivuta mkono. Mahali pale baada ya "nilikosa pia" palikuwa panalia kabisa, panaomba mstari mmoja tu, nilikuwa nao tayari, ungemliza hata mkwe na taulo lake. Niliikalia mikono yangu. Sikuongeza hata nukta. Nukta zenyewe nilimuuliza niziweke wapi.

Kesho yake asubuhi alimpa Mpiga Pasi amsomee kabla ya kuifunga. Mzee akasoma yote. Kimya alikuwa anatingisha kichwa kwa kila neno, kama anahesabu nyuzi. Nimeandika hii Ijumaa lakini naiacha hapa hapa ilipo.

Jumatano, Mei 8

Ndoo moja. Mashati mia nne na themanini. Hakuna barua.

Jumatatu, Mei 13

Hakuna.

Alhamisi, Mei 16

Tumemaliza kitabu.

Nitasema wazi, mwisho wake ulinikasirisha. Yule binti hakuja. Hakuandika tena. Yule mama anazeeka, mtengeneza saa anahamia mji mwingine na saa ya sebuleni anamwachia, na mstari wa mwisho kabisa ni mpangaji mpya anauliza bei ya chumba cha saba, kile alichokuwa analala binti, na mama anasema hicho hakipangishwi. Kwisha. Nilifungua ukurasa mwingine nikitafuta, hakuna, ni gundi tu.

Nilikaa na kitabu mapajani. Walikuwa wananitazama wote watatu, na najua walichokuwa wanawaza.

"Ndivyo kilivyo," nikasema. "Mzee, njoo uone."

Mpiga Pasi akaja, akainama, akasoma. "Ndivyo kilivyo."

"Miaka yote hiyo chumba kikae bure," Mama Mkasi akasema. Lakini hakuwa na nguvu nayo.

"Mimi ningemrudisha yule mtoto," nikasema. "Ningemleta hata usiku wa mvua."

"Tunajua," Mpiga Pasi akasema.

Kimya ndiye aliyenishangaza. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Kizuri. Angalau chumba hakukipangisha." Baadaye kidogo akaongeza, "Huyu aliyeandika anamjua mtu."

Kitabu kimerudi kwenye kola. Tofali limetolewa nje.

Jumanne, Mei 21

Leo hakuna ndoo. Mama Mkasi alizipanga nje zikauke, moja ndani ya nyingine.

Bahasha imefika saa tano, imeandikwa jina la Kimya kwa kalamu ya bluu. Aliishika kwanza kama shati lisilojulikana ni la nani. Halafu akapita meza ya Mama Mkasi, akapita pasi, akaja kuiweka mbele yangu.

"Soma."

"Mimi?"

"Soma, nikusikie."

Herufi zilikuwa zimesimama wima, nashukuru. Nikasoma: "Mama. Barua nimepata, na mume wangu amecheka. Njoo Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita, barabara itakuwa imekauka. Ulete na nguo za kulala. Piga hodi."

Kimya hakusogea. "Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo."

Akaichukua, akampelekea Mpiga Pasi. Mpiga Pasi akavaa miwani, akasoma yale yale. Akampelekea Mama Mkasi. Mama Mkasi akasoma yale yale, akasema mwandiko mzuri. Ningeweza kuudhika. Sikuudhika. Ningekuwa mimi ningeipeleka hata kituo cha polisi.

Akarudi mezani kwake. Akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

"Ati piga hodi," akasema, na akaanza kucheka, kwanza mabega, halafu sauti, cheko nene ambalo sikujua analo, na Mpiga Pasi akaweka pasi chini akaachia lile lake alilolizuia tangu mwezi wa nne, na Mama Mkasi akasema taulo, jamani, taulo, tukafika mwisho wa pumzi wote wanne.

Yalikuwa yamebaki mashati thelathini. Kimya alifuta macho kwa kola ya mojawapo, akanyoosha mkono, akavuta fungu langu na bahasha ya vifungo mpaka upande wake wa meza.

"Mdogo wangu," akasema, "nenda kaketi dirishani. Anza tena ukurasa wa kwanza. Na safari hii, mti usiuruke."